Ongezeko la joto duniani na kupanda kwa maji ya Ziwa Tanganyika

Ongezeko la joto duniani ni kupanda kwa wastani wa joto la dunia kunakosababishwa hasa na gesi ambazo shughuli za binadamu huingiza hewani. Kwa wafanyabiashara wa Kigoma, Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu hili si suala la mikutano tu. Limeshafika magatini na kwenye maghala.

Chanzo chake

Gesi inayochangia zaidi ni hewa ya ukaa, itokayo kwenye makaa ya mawe, petroli, dizeli na misitu inayochomwa. Huruhusu mwanga wa jua kufika ardhini, lakini huzuia sehemu ya joto lisirudi angani. Kabla ya enzi ya viwanda kiwango chake hewani kilikuwa sehemu 280 hivi kwa kila milioni. Sasa kimezidi 420. Mwaka 2007 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilisema uwezekano kwamba binadamu ndiye chanzo kikuu unazidi asilimia 90. Katika ripoti ya 2021 lilisema hakuna tena shaka kwamba binadamu ameipasha dunia joto.

Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Ni nzito kuliko dizeli yenyewe kwa sababu kaboni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani. Hivyo lori linalotumia lita 500 kwa safari hutoa zaidi ya kilo 1,300. Hata hivyo, Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani kila mwaka. Mzigo huu, kwa haki, si wa wenye malori ya Kigoma.

Ziwa lenye mlango mmoja

Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua ikinyesha huwa nzito. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida upande wa Afrika, na mvua kubwa zikanyesha katika nchi za maziwa makuu. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga ulioko Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa kugeuka mvuke. Mvua zikizidi misimu kadhaa mfululizo, maji hayana pa kwenda upesi.

Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, mji ulioko kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Uvira. Ziwa likapanda tena 2021 na 2024, maji yakaingia hadi bandarini Bujumbura na kwenye mitaa ya Rumonge. Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa zilisema watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathirika tangu Septemba 2023. Gati likifunikwa, saruji na sukari kutoka Mpulungu husubiri melini. Barabara ikikatika, lori hukaa na mzigo huku gharama zikipanda.

Si kila kupanda kwa ziwa kunatokana na ongezeko la joto. Mvua za 1961 hadi 1964 zilipandisha sana maziwa haya, na wazee wa pwani hizo wanazikumbuka. Lakini utafiti uliotolewa 2024 kuhusu Ziwa Victoria ulikadiria kuwa mabadiliko ya tabianchi yalizidisha mara 1.8 uwezekano wa kupanda kama kule kwa 2020. Tarakimu hiyo haiwezi kuhamishiwa Tanganyika moja kwa moja, ingawa mvua za msimu ule ziliyakumba maziwa yote mawili.

Mkono wa binadamu uko karibu pia. Milima iliyokatwa miti hushusha matope bandarini, na ujenzi umesogea mno majini. Sheria ya Burundi inataka mita 150 kutoka ufukwe wa Tanganyika, ya Tanzania mita 60. Anayetafuta ghala la kupanga apime umbali huo kwanza, kisha asome kama bima yake inalipa hasara ya mafuriko.

Dagaa

Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho, hivyo chakula cha dagaa na migebuka hupungua. Uvuvi wa kupita kiasi huongeza tatizo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka. Wanaosafirisha dagaa wa Kigoma kwenda Kongo na Burundi waulize tarehe za kufungwa kabla ya kuchukua oda za miezi hiyo.