Mali Bila Daftari: Reli za Mteremko na Wapenzi Wake

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu usemi huu hutajwa dukani, penye mizani na kibweta cha fedha. Lakini unazihusu pia mali zisizopimwa kwa ratili, na miongoni mwa hizo ni furaha za watu. Historia ya reli za mteremko, ambazo kwa Kiingereza huitwa rolakosta, ni ushahidi wa jambo hilo. Gari huvutwa hadi kilele cha mlima wa mbao au wa chuma, likaachiwa, likateremka na kupanda vilima vinavyofuata kwa nguvu ya uzito wake lenyewe, hatimaye likarejea pale pale lilipoanzia. Halibebi shehena wala halimfikishi msafiri popote. Kwa kuwa ni mchezo tu, kwa miaka mingi hapakuwa na chuo wala serikali iliyoona haja ya kuiandika khabari yake. Walioiandika ni watu wasiolipwa, waliosafiri kwa nauli zao kutoka uwanja hadi uwanja, kalamu na kamera mkononi.

Asili ya mchezo huu ni baridi ya Urusi. Katika karne ya 18, watu wa St. Petersburg walikuwa wakijenga minara ya magogo wakati wa kipupwe, wakaimwagia maji mteremko wake hadi yakaganda kuwa barafu, kisha wakapanda ngazi na kuteremka juu ya vigari visivyo na magurudumu. Baadhi ya minara hiyo ilipindukia mita 20. Wakulima na mabwana waliucheza mchezo huo huo. Malkia Catherine wa Pili alijengewa mteremko wake huko Oranienbaum, pamoja na jumba la kupumzikia lililosanifiwa na Mtaliana Antonio Rinaldi na kukamilika mwaka 1774. Magari yake yalikuwa na magurudumu, ili raha isingoje theluji. Jumba hilo lenye kuba limedumu hadi leo. Mteremko wenyewe, uliokuwa sababu ya jumba kujengwa, ulivunjwa katika karne ya 19. Hapo ndipo inapoonekana tabia ya historia hii tangu mwanzo wake: kilichokuwa cha fahari kilihifadhiwa, na kilichokuwa cha mchezo kikaachwa kiende.

Kutoka Urusi mchezo ulihamia Paris. Mwaka 1817 zilifunguliwa huko reli mbili za namna hiyo, moja Belleville na nyingine katika bustani ya Beaujon, na magari yake yalishikizwa kwenye njia ili yasichomoke. Wafaransa waliziita milima ya Kirusi, na jina hilo limebaki katika Kifaransa, Kihispania, Kitaliana na Kireno. Ajabu ni kwamba Warusi wenyewe, baada ya mchezo kuzunguka dunia na kuwarejea, wameuita milima ya Kimarekani. Kila taifa limempa jirani sifa ya uvumbuzi, na lugha imehifadhi safari ambayo watu walikwisha kuisahau.

Marekani ilikuwa na chimbuko lake pia, nalo halikuanza kwa mchezo. Mwaka 1827, katika milima ya Pennsylvania, ilijengwa reli ya kuteremshia makaa ya mawe kutoka Summit Hill hadi kijiji cha Mauch Chunk kando ya mto Lehigh, mwendo wa kilomita 14 hivi. Makaa yaliteremka kwa uzito wake. Nyumbu, au baghala kama waitwavyo pwani, waliyarudisha juu mabehewa matupu, na wao wenyewe waliteremshwa ndani ya gari lao pamoja na msafara. Inasimuliwa kwamba wanyama hao wakishaizoea safari ya kuteremka, hapakuwa na wa kuwalazimisha washuke kwa miguu. Watu wa mjini walipoona hayo nao wakataka kupanda. Njia nyingine ya makaa ilipopatikana mwaka 1872, reli ile ikaachiwa watalii, ikawafurahisha hadi mwaka 1933. Mwaka 1937 vyuma vyake viliuzwa kuwa chakavu.

Miongoni mwa waliovutiwa na mfano huo ni LaMarcus Thompson, fundi na mfanyabiashara aliyefungua reli yake Coney Island, New York, mwezi Juni 1884. Ilikuwa na urefu wa mita 180 hivi, na mwendo wake haukuzidi kilomita 10 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia kwa utulivu. Abiria walikaa ubavu wakitazama bahari. Walipofika mwisho walishuka, gari likasukumwa hadi juu ya njia ya pili, wakapanda tena kurudi walikotoka. Nauli ilikuwa senti 5. Katika muda mfupi washindani wakaunganisha njia hizo mbili kuwa mzingo mmoja na kutia mnyororo wa kulivuta gari hadi kileleni.

Aliyezidi wote kwa ufundi ni John Miller, aliyezaliwa mwaka 1872. Kabla yake, gari lilikaa juu ya reli kwa magurudumu ya kawaida, na kilima kikali kingeweza kulirusha. Miller akaongeza magurudumu yanayopita chini ya reli, na mwaka 1919 akapewa hataza ya ubunifu huo. Tangu hapo gari likawa limeikumbatia njia juu, ubavuni na chini, na wajenzi wakapata uhuru wa kuchonga vilima vilivyokuwa haviwezekani. Mpandaji anapovuka kilele cha namna hiyo huinuka kwenye kiti chake, akawa kwa nukta moja hana uzito. Hiyo ndiyo ladha inayotafutwa na wapenzi wa mchezo huu, na ndiyo wanayoibishania kama wapenzi wa tungo wanavyobishania pumzi ya msomaji baina ya ukwapi na utao.

Miaka ya 1920 ilikuwa ya neema. Reli za mbao zilisimama kwa mamia kando ya miji ya Marekani, nyingi zikiwa mwisho wa njia za tramu. Kisha ikaja dhiki ya uchumi ya mwaka 1929, ikafuata vita, motokaa zikaua tramu, na ardhi ikapanda bei. Mbao ambazo hazikupakwa rangi wala kubadilishwa zilioza. Reli moja baada ya nyingine ilichomwa moto au ikavunjwa kwa kuni, na mara nyingi ramani zake zikatupwa pamoja nayo. Mwaka 1959 Disneyland, huko California, ilifungua reli ya Matterhorn iliyojengwa kwa mabomba ya chuma, na ilidhaniwa kwamba zama za mbao zimekwisha.

Walioizuia hukumu hiyo isitimie hawakuwa wahandisi peke yao. Reli ya Cyclone ya Coney Island, iliyofunguliwa tarehe 26 Juni 1927, ilikuwa imefikia hatua ya kuvunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ili eneo lake litumiwe kupanua nyumba ya maonyesho ya samaki iliyo jirani. Wakazi na wapenzi wakapiga kelele. Mwaka 1975 ikafunguliwa upya, na mwaka 1988 jiji likaitangaza kuwa turathi. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1974, Robert Cartmell, msanii na mwalimu wa chuo kikuu, aliandika katika gazeti la New York Times orodha ya reli alizoziona kuwa bora. Kulikuwa na orodha za washairi, za wachoraji na za majengo. Orodha ya reli za mchezo ilikuwa jambo geni. Wasomaji waligundua kwamba hawako peke yao. Mwaka 1978 ikaundwa jumuiya ya wapenzi wa reli hizo nchini Marekani, na miaka kumi baadaye Waingereza wakaunda yao.

Kazi ya wapenzi hao kwa mtazamaji wa mbali yaweza kuonekana upuuzi. Mtu mzima, pengine karani au mwalimu wa skuli, hutumia likizo yake kuzunguka viwanja vitano kwa siku nne. Akifika hupanda, akashuka, akaandika: jina la reli, mwaka iliojengwa, fundi aliyeisanifu, urefu wa kilima cha kwanza, kiti alichokalia, na jinsi gari lilivyomtikisa. Hupiga picha za nguzo na maungio ambayo wageni wengine hawayatazami. Wapo wanaojali idadi tu, wakajisifu kwa mamia waliyopanda na kuvisahau viwanja vyenyewe, na wenzao huwacheka kwa hilo. Lakini hata mwenye kuhesabu kwa majivuno huacha nyuma yake tarehe na jina. Kumbukumbu hizo zilikaa kwanza katika madaftari na majarida madogo. Mwaka 1996 Mmarekani Duane Marden alianza kuzikusanya katika sajili ya intaneti, ambayo sasa ina maelfu ya reli, zilizo hai na zilizokufa.

Faida ya utunzaji wa namna hii ilidhihirika katika kisa cha reli iliyoitwa Rocket. Ilijengwa San Antonio, Texas, ikafunguliwa mwaka 1948, na uwanja wake ukafungwa mwaka 1980. Kwa miaka kadhaa ilisimama bila mpandaji, majani yakiota chini yake. Ukoo wa Knoebel, wenye uwanja wao mdogo msituni Pennsylvania, ukainunua. Ramani za ujenzi hazikuwapo. Basi mafundi wakaifungua ubao kwa ubao, kila kipande wakakitia alama ya mahali pake, wakaipakia katika malori na kuisafirisha zaidi ya kilomita 2,000. Tarehe 15 Juni 1985 ilifunguliwa upya kwa jina la Phoenix, ndege wa ngano anayefufuka katika majivu yake. Miaka ya 2018 na 2019 ilipewa tuzo ya reli bora ya mbao duniani, ikizishinda nyingi zilizo ndefu na mpya kuliko hiyo. Alama zile za mafundi juu ya mbao ndizo zilizokuwa daftari lake.

Uingereza nayo ina kisa chake. Katika mji wa Margate, uwanja wa Dreamland ulikuwa na reli ya mbao ya mwaka 1920, ambayo breki zake zilishikwa na mtu aliyesafiri pamoja na abiria. Mwaka 2002 serikali iliiingiza katika orodha ya majengo ya kihistoria. Uwanja ulipofungwa, wananchi wakaendesha kampeni ya kuuokoa. Aprili 2008 moto uliiteketeza sehemu ya reli, na ikadhaniwa kwamba hoja imekwisha. Haikuisha: kwa kuwa reli hiyo ilikuwa imeandikwa, ilidaiwa, na kwa kuwa ilidaiwa, ilijengwa upya. Oktoba 2015 magari yalipita tena juu yake.

Si kila kilichoandikwa huokoka. Cyclone nyingine, ya Crystal Beach nchini Kanada, ilifunguliwa mwaka 1927 ikiwa na mikunjo mikali hata pakawekwa muuguzi wa kuwahudumia walioshuka wakizimia. Ilivunjwa mwaka 1946. Kilichobaki ni picha na masimulizi, na sehemu ya vyuma vyake vilivyotumiwa kujengea reli iliyofuata. Wapenzi wanaijua kila kona ya njia ile ingawa wengi wao walizaliwa baada ya kuvunjwa kwake. Daftari halikuifufua, ila limezuia isiwe kana kwamba haikuwapo.

Msomaji wa tungo za pwani hatauona mkasa huu kuwa wa mbali. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Wapo waliozaliwa naye zama moja ambao tungo zao hazisikiki tena. Za Muyaka zimefika kwa sababu Mwalimu Sikujua, miongo kadhaa baadaye, alizitafuta, akaziandika na kuzifafanua kwa ajili ya W. E. Taylor, ndipo Hichens akapata cha kuchapisha mwaka 1940. Mashairi mengi ya Muyaka yalikuwa ya majibizano, utani na mambo ya siku ile. Kama Mwalimu Sikujua angengoja yathibitike kuwa ni makubwa ndipo ayaandike, pengine asingemkuta wa kumwambia.

Visiwani hakuna milima ya mbao kama ya Coney Island. Lakini ipo Kariakoo ya Unguja na ipo Tibirinzi ya Pemba, na vipo viwanja vya sikukuu ambako watoto huenda na nguo mpya na sarafu za Idi mkononi kupanda mabembea. Vyombo hivyo pia vina tarehe ya kuletwa, vina fundi aliyevitia grisi, vina nauli iliyopanda mwaka hadi mwaka, vina majina waliyoyapanga watoto wenyewe na nyimbo walizoimba katika foleni. Kuyaandika hayo hakuhitaji idhini wala ruzuku. Kunahitaji kalamu, na mtu wa kwenda kukaa barazani na kumuuliza mzee: bembea la kwanza ulilopanda wewe lilikuwaje, na ulilipa kiasi gani?