LEKITHO NYEUPE: MAFUTA YA WAFU KULE ATHENE

Mutu akikufa, wale wanaobaki wanajiuliza: tumupe nini? Wengi kati ya wazee wetu walimwaga pombe kidogo chini. Kule Athene, muji mukubwa wa Ugiriki ya zamani, walipeleka mafuta ya zeituni yenye harufu nzuri, ndani ya chupa ya udongo iliyoitwa lekitho.

Lekitho ilikuwa na mushikio mumoja, mudomo uliopanuka juu, na shingo nyembamba. Shingo ile haikufanywa bure: ilizuia mafuta, yakatoka polepole. Kulikuwa lekitho za rangi nyeusi na nyekundu za kutumia nyumbani. Lakini ile nyeupe, iliyoenea kati ya mwaka 470 na 400 hivi mbele ya Yesu, ilikuwa zaidi ya wafu. Kwa kawaida urefu wake ni santimeta 30 mpaka 40.

Mufinyanzi alipaka mwili wa chupa udongo mweupe, kisha muchoraji akachora juu yake. Rangi zingine, kama buluu, zilitiwa kiisha kuchoma, njo maana zinabanduka upesi. Chombo cha namna ile hakifai kwa kazi ya kila siku. Lakini ku kaburi, nani atakuja kukisugua?

Na picha zenyewe zinasema. Tunaona mwanamuke na kikapu chake cha utepe, anakuja kufunga jiwe la kaburi. Tunaona Charon, mwenye mutumbwi wa kuvusha wafu, na Hermes anayewaongoza. Mara nyingi mufu mwenyewe ameketi ku ngazi za kaburi lake, kimya, na ndugu zake wako karibu. Hakuna makelele mu picha zile. Yule aitwaye Muchoraji wa Achilles ni kati ya mafundi wakubwa wa kazi hii. Jina lake la kweli limepotea.

Sasa, ndugu musomaji, kuko siri moja. Lekitho zingine kubwa zina kichupa kidogo ndani, kimeshikamana na shingo. Ukitia mafuta, kichupa kile kinajaa mpaka juu, na kwa macho ya watu chupa yote imejaa. Kumbe chini ni hewa tu! Mufinyanzi alitoboa tundu dogo mu ubavu ili hewa itoke wakati wa kuchoma, chupa isipasuke. Tundu lile njo linalomufichua leo.

Je, walidanganya wafu wao? Wengine watasema ndiyo. Mimi sikubali mbio hivyo. Mafuta mazuri yalikuwa bei kali, na ku kaburi walirudi tena na tena: siku ya 3, siku ya 9, na kila mwaka. Tena mambo ya matanga kugeuka mashindano yalikuwa tatizo la zamani kule. Solon, aliyetawala mwaka 594 mbele ya Yesu, alikwisha kuweka sheria: hakuna kuchinja ng'ombe ku kaburi, hakuna kuzika mutu na nguo zaidi ya tatu. Jamaa yenye kichupa cha siri ilitafuta njia ya kati: kuheshimu mufu bila kufilisi watoto wake. Lakini ilitafuta vilevile macho ya majirani, na hapo njo aibu ilipo. Sisi tunaokopa feza kwa ajili ya matanga, tunaweza kuwacheka?

Mwaka 430 tauni iliingia Athene wakati wa vita na Sparta. Watu walikufa wengi, desturi za kuzika zikavurugika. Mu miaka ya 1990, wachimbaji walipata karibu na makaburi ya Kerameikos shimo moja la wakati ule, lenye watu karibu 150. Walizikwa haraka haraka, na vyombo vichache vya bei ndogo. Hata mu shimo lile, lekitho nyeupe zilikuwamo.

Hilo njo linalonigusa. Kiisha pale, matajiri walichonga lekitho kubwa za mawe ya marumaru, mpaka sheria ya Demetrios wa Phaleron, karibu mwaka 317, ikakataza fahari ile. Lakini mutu aliyeweka kichupa cha udongo mu shimo la tauni hakuwa na jirani wa kumutazama. Alitoa kwa sababu mufu alikuwa wake.