Gitaa Lenye Doa: Historia Fupi ya Vitu vya Daraja la Pili



Wapendwa waamini, nanyi nyote mnaotusoma kila juma,

Majuma mawili yaliyopita viongozi wa kwaya ya vijana walitujia ofisini wakiwa na karatasi waliyoichapa kutoka kwenye mtandao. Kwa mwaka mzima wamekusanya fedha, kwa kuuza maandazi baada ya Misa ya pili na kwa kuimba harusini, ili wanunue gitaa kavu, yaani lile la sanduku la mbao lisilohitaji umeme. Fedha hazikutosha. Ndipo walipoliona gitaa zuri katika tovuti moja ya Marekani, likiuzwa kwa theluthi mbili tu ya bei yake, kwa sababu ni la “daraja la pili”: vanishi yake iliingia doa kiwandani, karibu na tundu la sauti. Ndugu wa mmoja wao, anayeishi huko, yuko tayari kulipokea na kuja nalo.

Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei, aliyekuwapo ofisini, alisema neno moja tu: “Baba Paroko, Mungu hapewi kilema.”

Vijana wakanyamaza. Nasi tukanyamaza, kwani mzee hakusema ovyo. Alikuwa akikumbuka sura ya 22 ya kitabu cha Mambo ya Walawi, inayokataza kumtolea Bwana mnyama mwenye kasoro, na pia nabii Malaki aliyewakemea watu waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na viwete. Tuliomba muda wa kutafakari. Hata hivyo, kabla ya kusema lipi linafaa na lipi halifai, hatuna budi kujua kwanza kasoro ya gitaa ni kitu gani, na ni nani aliyeipa jina hilo. Jambo hili lina historia yake, nayo inafundisha.

Fundi wa Almería na gitaa la kadibodi

Antonio de Torres alizaliwa mwaka 1817 karibu na mji wa Almería, kusini mwa Hispania. Alikuwa seremala kabla ya kuwa fundi wa magitaa, na umbo la gitaa la Kihispania tunalolijua leo, kwa sehemu kubwa, limetoka mikononi mwake. Siku zile, kama siku hizi, wanunuzi wengi walilithamini gitaa kwa uzuri wa mbao za mgongo na mbavu zake, kwani hizo ndizo mbao zinazong'aa na kugharimu fedha nyingi. Torres aliamini vingine. Kwake, sauti ya gitaa ilitoka hasa katika uso wake, ule ubao mwembamba wa mbele wenye tundu.

Mwaka 1862 aliamua kulithibitisha jambo hilo kwa namna ambayo hakuna angeweza kuipuuza. Alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao nzuri, lakini mgongo na mbavu zake vilikuwa vya kadibodi. Naam, kadibodi, kama ile ya maboksi tunayotupa! Gitaa hilo halikuwa mzaha. Linahifadhiwa hadi leo katika Makumbusho ya Muziki mjini Barcelona.

Padre mmoja wa Almería, Juan Martínez Sirvent, aliyekuwa rafiki wa fundi huyo katika uzee wake, ameacha kumbukumbu kwamba siku moja Torres aliulizwa mezani siri ya kazi yake. Alionyesha vidole vyake. Siri, alisema, imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, zinazoupapasa ubao na kutambua kama umefikia unene unaofaa. Nayo itakwenda naye kaburini. Tangu hapo basi tunaweza kutofautisha mambo mawili: ipo kasoro ya macho, na ipo kasoro ya sauti. Ya kwanza huonwa na kila mtu. Ya pili hutambuliwa na mwenye vidole vya kujua.

Kununua bila kugusa

Wengine watadhani kununua gitaa bila kuligusa ni jambo la kizazi cha simu za mkononi. La hasha. Mwaka 1896 posta ya Marekani ilianza kupeleka barua hadi kwenye nyumba za wakulima mashambani, na mwaka 1913 ikaanza kupeleka vifurushi. Kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago ilijipatia utajiri kwa kusambaza orodha nene ya bidhaa zenye picha, na ndani yake magitaa ya bei nafuu yalikuwamo. Mwaka 1916 Sears iliinunua Harmony, kiwanda cha magitaa kilichoanzishwa mjini humohumo mwaka 1892. Hivyo mkulima aliyekaa mbali na duka lolote la muziki aliweza kuagiza gitaa kwa barua na kulisubiri.

Lakini mkulima huyo hakuweza kupapasa ubao kama Torres, wala kusikia hata uzi mmoja ukilia. Alinunua neno la muuzaji. Kwa hiyo thamani ya biashara nzima ilisimama juu ya ukweli wa maneno yale machache yaliyoandikwa kando ya picha. Mwaka 2013, katika mji uleule wa Chicago, lilianzishwa soko la mtandaoni la ala za muziki liitwalo Reverb. Picha zimekuwa nyingi na za rangi, lakini mnunuzi bado yuko palepale alipokuwa yule mkulima. Ananunua neno.

Muhuri wa “2”

Katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, kampuni ya Gibson ilianzishwa mwaka 1902, na kuanzia mwaka 1917 ilifanya kazi katika kiwanda chake cha barabara ya Parsons, hadi kilipofungwa mwaka 1984. Huko wakaguzi walipoona gitaa lina dosari, hawakulichoma moto, wala hawakulificha katikati ya mengine. Walipiga muhuri wa “2” nyuma ya kichwa chake, ndani ya mbao yenyewe, nalo likauzwa kwa bei pungufu. Mara nyingi dosari ilikuwa ndogo tu, mathalani alama katika vanishi au mistari ya mbao isiyolingana, kiasi kwamba mwenye gitaa hilo leo huligeuza na kuligeuza asione sababu ya muhuri. Dosari imesahaulika, muhuri umebaki.

Ndugu wasomaji, tunauona muhuri ule kuwa ni kitu chenye heshima. Aliyeupiga alikubali kupoteza fedha ili mnunuzi asidanganyike. Gitaa lenyewe lilitangaza mapungufu yake, hata baada ya kupita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne.

Historia ya kiwanda hicho ina fundisho jingine. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, vijana wa kiume wa Kalamazoo walikwenda vitani, na kazi ya magitaa ikabaki zaidi mikononi mwa wanawake. Chuma kilihitajika kwa silaha, hata baadhi ya magitaa yakatengenezwa bila ile fimbo ya chuma inayowekwa ndani ya shingo ili isipinde. Mbao nzuri nazo zilikuwa haba: baadhi ya nyuso, ambazo kwa desturi huunganishwa kwa vipande viwili, ziliunganishwa kwa vinne. Kwa kipimo cha siku za amani, mengi ya magitaa hayo yangeitwa ya daraja la pili.

Je, yalikuwaje? Mwanasheria mmoja wa Marekani, John Thomas, aliwatafuta wanawake hao wakiwa wazee na kuandika kitabu juu yao mwaka 2012. Aliyapiga magitaa picha za eksirei, akaona kwamba kazi ya ndani, ile isiyoonekana na mnunuzi, ilikuwa laini na nadhifu kuliko ya miaka mingine. Leo magitaa hayo ya miaka ya 1942 hadi 1945 ni miongoni mwa yanayotafutwa sana na wapiga gitaa, nao hulipa fedha nyingi kuyapata. Wanawake wale wengi walirudi majumbani vita vilipokwisha, na kwa miaka mingi hakuna aliyewataja.

Mbao za paleti na miti ya Kamerun

Mwaka 1995 Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya magitaa ya Taylor huko California, alirudia hoja ya Torres kwa namna yake. Alichukua paleti kuukuu, zile chaga za mbao zinazobebea mizigo bandarini, akatengeneza gitaa. Matundu ya misumari hakuyaficha. Aliyaziba kwa vipande vya alumini vinavyong'aa ili kila mtu ayaone, na kwenye ubao wa vidole akapamba picha ya foklifti. Gitaa lililia vizuri, na waliolisikia walishangaa.

Lakini fundisho zito zaidi alilipata mwenyewe baadaye, huku kwetu Afrika. Mwaka 2011 kampuni yake, pamoja na kampuni ya Kihispania ya Madinter, ilinunua kiwanda cha kupasulia mbao cha Crelicam mjini Yaoundé, Kamerun, kinachoshughulika na abunusi, ile mbao nyeusi inayowekwa kwenye ubao wa vidole. (Abunusi si mpingo wetu wa Tanzania, ambao hasa hutengenezewa zumari za Kizungu na vinyago, ni mti mwingine, ingawa weusi wao unafanana.) Taylor aliwauliza wakataji: mti mweusi kabisa mnaupata mara ngapi? Wakamjibu kuwa ni mmoja katika kumi.

Na ile tisa? Mti wa abunusi hauonyeshi moyo wake ungali umesimama. Ni lazima uanguke ndipo ujulikane kama moyo wake ni mweusi mtupu au una michirizi ya kahawia. Wenye michirizi haukuwa na soko, maana wateja wa Ulaya, Amerika na Asia walitaka weusi mtupu. Kwa hiyo uliachwa palepale msituni uoze. Michirizi ile haipunguzi ugumu wa mbao wala haiharibu sauti. Ilikuwa ni kasoro ya macho tu. Miti tisa ilikufa ili mmoja upendeze. Tangu hapo kampuni hiyo ilianza kuweka abunusi yenye michirizi kwenye magitaa yake, hata yale ya bei kubwa, na kuanzia mwaka 2016 imeshiriki katika mradi wa kupanda miti hiyo upya huko Kamerun.

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu katika tafakari yetu. Tulizoea kudhani kwamba anayekataa chenye doa hamdhuru mtu yeyote. Kumbe gharama ipo, ila hulipwa mahali pasipoonekana na mnunuzi.

Turudi kwa mzee wetu

Je, mzee amekosea? Hapana, kwa sehemu kubwa amesema kweli. Wale waliokemewa na Malaki hawakuwa maskini waliotoa walichonacho. Walikuwa na wanyama wazima zizini. Wakawaweka kwa ajili yao wenyewe, wakampelekea Mungu makombo. Kama vijana wetu wangekuwa na fedha ya gitaa zima, wakanunua lenye doa ili chenji wailie pilau, mzee angekuwa na haki ya kuwakemea, nasi tungesimama upande wake. Lakini hawa wametoa yote waliyonayo. Na ikiwa gitaa hilo lina kasoro ya macho tu, litamwimbia Mungu kwa sauti nzima.

Tena tuna jambo la kuungama. Tulipokuwa Paroko msaidizi mahali pengine, tulinunua dukani gitaa jipya linalong'aa kama kioo, lisilo na hata mkwaruzo. Haukupita mwaka shingo yake ikapinda, nyuzi zikawa juu mno, na hakuna aliyeweza kulipatanisha. Tuliwalaumu wapigaji bure. Lilikuwa na kilema, ila kilikuwa ndani.

Kwa hiyo maoni yetu kwa Halmashauri ni haya. Vijana waruhusiwe, kwa masharti. Kwanza, muuzaji aandike wazi dosari ni ipi, na athibitishe kwamba ni ya vanishi peke yake. Maneno “daraja la pili” yakiwa peke yake hayatoshi. Gitaa lililopasuka, au ambalo kitegemeo cha nyuzi kimeanza kubanduka, au lenye shingo iliyopinda, tusilikubali hata kwa nusu bei. Pili, ziletwe picha za doa lenyewe, na za shingo ikitazamwa kwa urefu wake kama mtu anavyokagua ubao wa kuezekea. Tatu, iwepo ruhusa ya kulirudisha, na yule ndugu alipige kabla ya kusafiri nalo. Nne, ushuru wa forodha uhesabiwe mapema, usije ukameza ile theluthi tuliyodhani tumeiokoa. Na likishafika lisiachwe juani wala kuegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu. Mafundi wengi hupendekeza unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 55, na sakristia yetu wakati wa masika haiko hivyo.

Uamuzi si wetu peke yetu. Utatolewa katika kikao cha Jumapili ijayo, na mzee wetu atakuwa wa kwanza kupewa nafasi ya kusema. Tunamwomba tu asome haya kabla ya kuja. Nanyi vijana, gitaa likipatikana, msilizibe doa lile kwa stika. Liacheni lionekane.

Tunawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko