Ukuta wa Matofali na Fito za Chuma: Habari za Bustani za Miji ya Uingereza

Kitalu, kwa maana yake ya kale, ni ukuta uzungukao kiwanja au bustani. Ua ni boma la fito au makuti. Ukuta uliojengwa mbele ya nyumba nyingi za miji ya Uingereza katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa yote mawili: chini kitalu cha matofali, juu ua wa fito za chuma. Basi aliyekusudia kuujenga alipaswa kukata shauri kabla ya kuchimba msingi. Je, matofali yawe kiti cha chuma tu, ama yawe ukuta kamili uwezao kusimama peke yake?

Hapo kwanza fito zilikuwa kazi ya mhunzi, aliyezifua kwa nyundo moja moja, na bei yake ilikuwa kubwa. Uzio wa kanisa la St Paul's, London, uliosimamishwa mwaka 1714, ulikuwa wa chuma kilichosubiwa katika kalibu, ingawa Christopher Wren, aliyelijenga kanisa hilo, alitaka chuma cha kufuliwa. Kwa ubora Wren alikuwa na haki, kwani chuma cha kusubu huvunjika kipigwapo kwa ghafula. Lakini bei haikuwa upande wake, na kabla ya karne kwisha chuma cha kusubu kilienea mitaani.

Matofali nayo yalikuwa na hesabu yake. Tangu mwaka 1784 hata 1850 serikali iliyatoza kodi kwa kila elfu, na wachomaji wengine wakayafanya makubwa ili idadi ipungue. Haifai kusema kwamba kodi ndiyo iliyozifupisha kuta. Hata hivyo, mwenye kulipia kila elfu alikuwa na sababu ya kuridhika na ukuta wa kufika magotini, chuma kikamaliza urefu uliobaki.

Hatari ilikuwa pale vitu hivyo viwili vilipokutana. Juu ya matofali palilazwa mawe ya kifuniko, yaliyotokeza kidogo pande zote ili maji ya mvua yadondoke mbali na ukuta. Mawe yakatobolewa, miguu ya fito ikatiwa matunduni, kisha ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu sana. Maji yakipenya, chuma hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Jiwe hupasuka, maji hushuka katika chokaa, na baridi ya kipupwe huyagandisha humo. Kwa hiyo fundi mwenye busara aliujenga ukuta kwa unene wa tofali zima, yaani inchi 9, akipanga safu ya mbavu na safu ya vichwa kwa zamu, na uzito wa lango akauelekeza kwenye nguzo. Ukuta wa nusu tofali ulipunguza gharama, lakini haukufaa kubeba uzio mrefu unaosukumwa na upepo na kuegemewa na watu.

Mwaka 1941, katika Vita Kuu ya Pili, serikali iliamuru fito hizo zing'olewe zitumike kwa silaha, isipokuwa zile zenye thamani ya historia au sanaa, na zile zilizowakinga watu na hatari. Nyingi zilikatwa tu kwa msumeno au kwa moto. Vishina vikabaki katika mawe, vikiendelea kushika kutu, na katika mitaa mingi vingali vyaonekana. Atakaye kurudisha uzio leo hana budi kuvitoa kwanza pamoja na risasi yake. Kusimamisha fito mpya juu ya jiwe lililokwisha kupasuka ni kupoteza fedha.

Baada ya vita, machela ya chuma yaliyotengenezwa kwa kuwabebea waliojeruhiwa na mabomu yaligeuzwa kuwa uzio wa majumba kadhaa ya kupangisha ya London. Baadhi yake yangali yamesimama, na ile mikunjo ya miguu, iliyoyainua machela kidogo juu ya ardhi ili mikono ya wabebaji ipate kuyashika, ingali yaonekana katika uzio huo.