Picha ya Jiwe la Ivuna

Leo twazungumza juu ya rangi za picha na historia. Ninyi mlioko Ivuna sogeeni karibu na redio, maana tunaanzia kwenu.

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka karibu na Ivuna. Msikichanganye na kile kikubwa cha Mbozi, ambacho ni chuma. Cha Ivuna ni jiwe jeusi kama mkaa, tena laini, na kilichookotwa kilikuwa gramu 705 tu. Hata hivyo wataalamu wameliita kundi zima la mawe ya namna hiyo kwa jina la Ivuna.

Tuseme umeletewa picha ya jiwe hilo, ya rangi ya kahawia, imefifia pembeni. Utasema, "Hii ni ya mwaka ule ule wa 1938." Ngoja kwanza.

Zamani, mpiga picha aliyetaka rangi hiyo aliichovya picha katika dawa yenye kiberiti. Dawa iligeuza fedha iliyomo katika picha ikawa kitu kisichoharibika upesi. Rangi ilipendeza macho, nayo ilihifadhi picha kama chumvi inavyomhifadhi samaki. Na habari za chumvi sina haja ya kuwafundisha watu wa Ivuna!

Siku hizi simu huitia picha kahawia hiyo kwa kuguswa mara moja. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, na mwaka 2010 Instagram ikaja kuifanya kazi hiyo mchezo wa kila siku. Ongeza njano, picha yapata joto la jioni. Ongeza buluu, yaleta ubaridi na huzuni. Lakini zidisha mng'ao, na jiwe la Ivuna laweza kudhaniwa ni chuma cha Mbozi. Hapo pambo limekuwa uongo.

Wala si kila kung'arisha ni kudanganya. Mwaka 2018 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilifika Ryugu, gimba dogo la mawe linalolizunguka jua. Punje zake zilizoletwa duniani mwaka 2020 zilionekana kufanana sana na jiwe la Ivuna. Ryugu ni jeusi mno: hurudisha chini ya sehemu 5 katika 100 za mwanga wa jua. Picha zake zisipong'arishwa, twaona giza. Lakini picha za asili zimehifadhiwa, na mwenye shaka aweza kuzilinganisha.

Kazi ya juma hili: tafuteni nyumbani picha moja ya zamani. Igeuzeni msome kilichoandikwa nyuma. Kama hapana kitu, mwulizeni mzee ilipigwa lini na wapi, mkaandike kwa penseli, bila kukandamiza.

Kwaherini mpaka juma lijalo.