Kusi, Kaskazi na Hesabu za Bahari

Tangu kale manahodha wetu walijua kwamba mkondo wa bahari pwani ya Somalia hugeuka: kaskazi ikivuma huenda kusini, kusi ikivuma huenda kaskazini. Sababu yake ilitafutwa kwa hisabati. Mwaka 1966 Mjapani Taroh Matsuno alionyesha kwamba mawimbi makubwa hufuata ikweta kama maji mferejini, maana hapo nguvu ya mzunguko wa dunia hubadili upande. Mwaka 1969 Mwingereza James Lighthill alikokotoa jinsi upepo wa katikati ya bahari unavyozaa mawimbi yaendayo magharibi, yanayoujenga mkondo huo kwa muda wa kama mwezi mmoja. Maarifa mengi ya manahodha hayakuandikwa, nasi twayapoteza kila azikwapo mzee. Basi tuyaandike, na hesabu tusiziogope.