Utepe wa Joto na Ukaguzi Wake Katika Nyumba za Marekani

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, bomba la maji lisilokingwa huwa hatarini kila majira ya baridi, kwa sababu maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na barafu inayokua ndani ya bomba lililofungwa huyabana maji yaliyobaki hadi shinikizo lake kupasua hata shaba. Viwanda vya mafuta vilizoea kulaza vibomba vya mvuke kando ya mabomba makubwa, njia ambayo mwenye nyumba wa kawaida hakuimudu. Kilichomfaa ni umeme, kupitia utepe wa joto, yaani waya uliofunikwa kwa kihami na kufungwa kwenye bomba, ambao hupata moto kwa kuukinza mkondo unaopita ndani yake.

Utepe huo ulihitajika zaidi katika nyumba zinazoundwa kiwandani, ambazo mabomba yake hupita uvunguni, penye upepo mkali. Hata kanuni ya taifa ya umeme iliagiza nyumba hizo ziwe na soketi maalumu ya utepe, isiyozidi sentimita 60 kutoka mahali maji baridi yanapoingilia.

Hata hivyo, utepe wa awali ulitoa joto lilelile kila mahali. Ulipopishana na kujilalia, joto lilijikusanya, kihami kikayeyuka, na moto ukaanza palepale uvunguni ambako hakuna jicho lililofika. Hapo ndipo ukaguzi wa kila mwaka, kabla ya baridi kuingia, ulipopata uzito wake: umeme hukatwa kwanza, kisha utepe hufuatwa wote kutafuta nyufa, alama za kuungua na meno ya panya, na ulioharibika hubadilishwa, hauungwi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Raychem ya California, iliyoanzishwa na Paul Cook mwaka 1957, ilileta utepe unaojirekebisha, wenye plastiki iliyochanganywa na kaboni kati ya nyaya mbili: plastiki ikipata joto hutanuka, njia za kaboni hukatika na mkondo hupungua; ikipoa, njia hurudi. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa kweli, ila haukumwondoa mkaguzi, kwani unyevu bado huweza kupenya kwenye ncha iliyokatwa bila kuzibwa vizuri. Viwandani, mafundi hupima ukinzani wa kihami kwa kifaa na kuandika matokeo, ilhali nyumbani kazi hiyohiyo imeachiwa macho na tochi, jambo lisilotosha kwa kifaa kinachofichwa chini ya sakafu wanayolalia watu.